Programu Inayokula Kurasa

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nianze na mgongo wako, maana mara ya mwisho uliniambia unainuka kitandani kwa awamu, mguu kwanza, kisha mkono, kisha lawama. Natumaini sasa unainuka kwa mkupuo mmoja. Shemeji hajambo? Na tanuri je? Ulisema mlango wake umelegea na unaushikiza kwa gunia la unga. Tafadhali mwite fundi kabla hujaungua, mikate itasubiri. Sisi huku ni wazima. Baba anakula, analala na analalamika, kwa mpangilio huohuo. Macho yake ni yaleyale: anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita, lakini akisikia hatua anakujua kabla hujakohoa.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, wakati simu ninayo. Nimejaribu kukupigia mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulipokea, tukazungumza habari za unga dakika ishirini nzima, nikakuaga. Mara ya pili nilikata kabla hujapokea. Mara ya tatu ulipokea nikakuambia nimebonyeza kwa bahati mbaya, nawe ukacheka, ukasema, haya Mwandishi, bonyeza vizuri siku nyingine. Basi nimeamua kuandika, tena kwa mkono. Tangu nianze nimeshanyanyuka mara mbili, kwenda kufunga dirisha na kwenda kulifungua.

Habari za kitabu cha Baba unazijua mpaka umezichoka. Hata hivyo acha niyapange mambo kwa utaratibu, nisije nikaruka mahali kwa makusudi. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi asubuhi, Baba hukaa kwenye kiti chake cha dirishani na mimi mezani na kompyuta. Yeye husema, mimi huandika. Miaka thelathini na minane alisimama kwenye kiwanda cha uchapaji mbele ya kasha la herufi za risasi za kuchapia, akiziokota moja moja na kuzipanga kinyume ili zichapike sawasawa, na sasa anaisimulia kama vile alitoka kazini jana. Lakini si siku zote. Siku nyingine yumo, siku nyingine hayumo, na asipokuwemo huniita kwa jina la Mama na kuniuliza kama wino umeletwa. Sura alizozisema akiwa na akili zake hawezi tena kuzirudia. Nimemjaribu kwenye mbili tatu, akazichanganya vibaya. Kwa hiyo kilichomo kwenye kompyuta ndicho kilichopo, hakuna kingine.

Mchapaji ametupa zamu ya Ijumaa ijayo, katikati ya kazi zake za kalenda na karatasi za mitihani. Nakala sitini tu: za kwetu, za wajukuu, na za wale wazee wenzake wa kiwandani waliobaki. Zamu hiyo ikitupita, nyingine ni baada ya miezi sita, na mimi na wewe tunajua miezi sita kwa Baba ni kitu gani.

Sasa, mwezi uliopita programu yangu ya kuandikia ikagoma. Unakumbuka ile ya kulipia, niliyoiweka nilipopandishwa cheo, nikajiona mtu? Asubuhi moja nafungua kitabu, naona mstari wa manjano juu ya ukurasa unaniambia kwamba muda wa leseni umekwisha, naweza kusoma lakini siwezi kuandika. Nikabonyeza kuona ada ya mwaka mpya. Nilisafisha miwani nikasoma tena, nikidhani nimeona sifuri moja ya ziada. Haikuwa ya ziada. Nikafunga kompyuta nikaenda kufua, na nguo zenyewe zilikuwa safi.

Kule kazini, kwenye ofisi ya maji, tunayo programu hiyohiyo na ofisi inailipia, lakini faili la nyumbani haliruhusiwi kuguswa pale. Nikamwendea fundi wetu wa kompyuta, yule tunayemwita Waya kwa wembamba wake. Nikamweleza kwamba nataka programu ya bei nafuu au ya bure, isiyoharibu kitabu, isiyotaka mtandao kila dakika, inayoweza kukaa kwenye kompyuta yangu kuukuu bila kuiua. Waya akaniambia kwamba ninachokitafuta kipo, ni cha bure kabisa, na watu wameandikia vitabu vinene kuliko cha Baba. Akaniwekea kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia, akanitakia heri. Ningekuwa mtu mwenye akili zake, barua hii ingeishia hapa.

Nikaiweka. Ikachukua muda kufunguka, kompyuta ikavuma, lakini ikafunguka. Sura zote zilikuwemo, vichwa vya habari mahali pake, namba za kurasa zimekaa. Ila nilipofika sura ya saba niliifunga haraka nikajiambia kwamba ni nzito mno, itanichelewesha. Nikamwambia Baba nimehamia programu nyingine na haijanikaa vizuri. Hapo ndipo aliponiuliza sura ya saba imefika kurasa ngapi.

Unamjua Baba kwa mambo ya kurasa. Mtu akimsomea maneno, yeye huyapima kichwani kwa urefu wa mstari, kama alivyokuwa akipima kazi ya mteja kabla ya kushika herufi ya kwanza. Nikamwambia tatu. Akasema maneno aliyoyatoa kwenye sura hiyo hayawezi kukaa kwenye kurasa tatu, ni ya kurasa tano kamili na mistari kadhaa juu. Nikamwambia labda herufi za programu hii ni ndogo. Akauliza kama sura nyingine nazo zimepungua. Nikasema hapana. Basi Baba akatikisa kichwa, akasema programu inayokula kurasa za sura moja na kuziacha nyingine haifai, nitafute nyingine.

Ndiyo habari niliyokupa kwenye simu, kwamba nimepata programu inayokula kurasa, na ukacheka mpaka ukaanza kukohoa. Nami nilicheka. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta.

Ya pili nilipewa na jirani wa ghorofa ya juu, mwalimu wa hesabu. Hiyo haikai kwenye kompyuta, inakaa mtandaoni. Unaandika kule na kuhifadhi kulekule. Mwalimu akaisifu mno: ni bure, haipotezi kitu, na watu wawili wanaweza kuandika ukurasa mmoja kwa pamoja. Nikamjibu kwamba sisi tuko wawili tayari na tunagombana vya kutosha. Nilipakia kitabu, nikasubiri, mtandao ukakatika, ukarudi. Kikafunguka, na pembeni mwa sura ya saba kukajaa visanduku vyenye maandishi. Nikaifunga. Kwa mwalimu nikasingizia mtandao, na mtandao wa mtaa wetu haukosi makosa, kwa hiyo alinihurumia.

Ya tatu niliiweka kwenye simu, wakati wa chakula cha mchana kazini, nimekaa kwenye ngazi za nyuma na sahani magotini. Ilikuwa na hila ya kusahihisha. Kila neno letu ililipigia mstari wa mawimbi chini yake, ukurasa mzima ukawa kama umechakurwa na kuku. Ikataka kumbadilisha Baba sentensi kumi na nne kabla sijamaliza kutafuna. Nikasogeza kwa kidole hadi sura ya saba, nikaona visanduku vilevile, nikaifuta programu yenyewe papo hapo. Mwenzangu wa mapokezi akaniuliza kama nimepata habari mbaya, nikasema ni pilipili.

Ya nne ni kijiprogramu cha hovyo, Dada. Hakina kichwa wala miguu, hakijui maandishi mazito wala mlalo, kinaandika tu. Nilikipenda kwa ujinga wake; nilijiambia kwamba kisichojua kitu hakitaonyesha kitu. Nikakifungulia kitabu jana asubuhi, Baba akiwa kitini na kikombe chake, nikaanza kumsomea sura ya saba ili nimwonyeshe kwamba mambo yametengemaa. Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri. Kwenye wa pili nikakuta maneno ambayo sikutarajia kuyakuta, yameunganishwa na mengine kama hayakuwahi kuondoka. Nikaruka, nikasoma mbele, nikakuta nako kumejaa maneno yaleyale. Nikamwambia Baba kwamba hii nayo ni mbovu, nitatafuta ya tano.

Baba akaweka kikombe chini. Alikuwemo siku hiyo, alikuwemo kuliko siku zote. Akageuzia uso upande nilipokaa, akasema polepole, "Mimi nilikosea mfuko mara moja, mwanangu. Wewe umekosea programu nne."

Mimi nilitoka nikazunguka nyumba mara sijui ngapi, mpaka mwalimu wa hesabu akanichungulia kutoka dirishani akauliza nimepoteza nini. Nikasema funguo.

Wewe hujui ni mfuko gani, Dada. Ulipaswa kujua mwaka jana, siku Baba alipousema, lakini mimi niliuzuia. Acha nieleze sasa, mkono wangu bado una nguvu.

Programu haikula kurasa. Ni mimi niliyezifuta. Baba alitoa sura ya saba Jumamosi mbili mfululizo, nikaiandika yote, na Jumapili iliyofuata nikaketi peke yangu nikakata kurasa mbili na nusu. Mahali pake nikaweka sentensi moja: Mwaka huo binti yangu mdogo alishinda taipureta.

Na kama ningekuwa nimefuta kama watu wengine wanavyofuta, ungekuwa mwisho wake. Lakini unajua kazi yangu. Kule ofisini ninaandika mihtasari ya vikao vya bodi, na miaka sita iliyopita wajumbe waligombana vibaya kwa sababu sentensi ya mmoja wao ilitoweka. Tangu hapo ikaamriwa kwamba kwenye karatasi zetu hakuna kufuta; kila kinachokatwa kibaki kimepigwa mstari mwekundu katikati, na pembeni liandikwe jina la aliyekata, tarehe na saa. Kiolezo chetu, ule ukurasa wa mfano tunaoanzia kila karatasi, kimetegwa hivyo. Mimi, kwa uvivu na mazoea, nilikichukua kiolezo hicho nikakileta nyumbani nikaanzia kitabu cha Baba juu yake, kwa kuwa pambizo zake zilikuwa nzuri. Ile programu ya kulipia nilikuwa nimeiamuru inionyeshe ukurasa safi bila wekundu, nikasahau kabisa. Programu hizi za bure hazikuwa na amri yangu. Kila niliyoifungua ilinionyesha nilichofanya, na jina langu pembeni, Jumapili, saa tisa na robo alasiri. Ile ya nne, kwa kuwa haijui kusoma alama za kukata, iliyarudisha maneno ya Baba mahali pake kana kwamba hakuna mtu aliyeyagusa.

Utauliza kwa nini sikuyaondoa moja kwa moja. Kitufe kipo. Waya aliniambia siku ile ile ya kwanza kwamba faili likiwa na wekundu unabonyeza kukubali mabadiliko yote na linakuwa safi, kazi ya kupepesa jicho. Mara nne nilikipelekea mshale kitufe hicho. Nikikibonyeza, maneno ya Baba yamekwenda na hayarudi, kwa kuwa hawezi kuyasema tena. Nisipokibonyeza, yapo. Sikuweza kuyaua na sikuweza kuyaacha yaishi, basi nikawa nabadilisha programu. Nilikuwa natafuta ambayo itanificha, Dada, na bei ilikuwa kisingizio.

Sasa niandike alichosema.

Mwaka ule kiwanda kiliandaa shindano la hadithi kwa watoto wa wafanyakazi, na zawadi ilikuwa taipureta mpya kabisa, na hadithi itakayoshinda ingechapwa kwenye jarida la kiwanda. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na mmoja. Uliandika ile ya mwanamke anayebadilisha taa za barabarani, anayezijua siri za mtaa mzima kutokea juu ya ngazi yake. Ukampa Baba aipeleke, kisha ukaenda kwa Shangazi kumsaidia baada ya kujifungua. Hadithi ilishinda. Nakala ilikuja bila jina, namba tu, na msimamizi akamwambia Baba kwamba namba hiyo ni ya mtoto wake, aipange haraka na aweke jina la mtoto, maana mashine inasubiri.

Unakumbuka Baba alitutengenezea kila mmoja jina lake kwa herufi za risasi, mstari mmoja uliofungwa kwa uzi, tupige muhuri kwenye madaftari? Siku hiyo alikuwa nayo yote mawili kwenye aproni, jina lako mfuko wa kulia na langu wa kushoto, kwa kuwa alikuwa ameyachukua kuyasafisha. Akatia mkono, akatoa mstari, akaufungua uzi, akauweka chini ya kichwa cha hadithi bila kuusoma. Anasema mikono ilikuwa na wino na msimamizi alikuwa amesimama mgongoni. Alikosea mfuko. Aliliona jina langu karatasi zikiwa zimeshatoka mia nne.

Alikuwa ameshaonywa mara mbili mwaka huo kwa makosa mengine. La tatu lilikuwa la kuondoka kazini. Akasema moyoni kwamba atamweleza msimamizi kesho yake. Kesho yake wenzake wakapita kumpongeza kwa mtoto mdogo mwenye akili nyingi hivyo. Akasema atakueleza wewe ukirudi. Ukarudi, na hukuuliza. Anasema alikungoja uulize, na kadiri ulivyokaa kimya ndivyo alivyozidi kuogopa. Miaka thelathini na mitano, Dada. Katika kurasa hizo anakuita kwa jina lako mara sita na anakuomba msamaha. Anasema hakukuchagua uwe wa pili, na kwamba kama umeishi ukidhani alinipendelea mimi, basi kosa hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Hayo ndiyo niliyoyakata. Na bado sijafika.

Ningeweza kuvumilia watu wasome kwamba taipureta ilikuwa yako. Aibu ingepita. Kilichonishinda ni sentensi moja katikati ya kurasa hizo. Baba alisema: "Mdogo wake msimlaumu, alikuwa mtoto, hakujua kitu." Aliitamka kwa upole, akaniambia niandike, na vidole vyangu vikaiandika.

Nilijua. Nilijua tangu jarida lilipofika nyumbani. Hadithi ile ulikuwa unanisomea kila jioni ukiiandika, nikiwa nimelala miguuni kwako. Kuna mahali nilikushauri mwanamke avae kofia nawe ukamvisha kofia. Siku ya kutoa zawadi walinipandisha jukwaani mbele ya wafanyakazi wote, meneja akaniomba nisome aya ya kwanza. Sikuhitaji karatasi. Niliisema yote kwa kichwa, bila kukwama, na watu wakasimama kunipigia makofi wakidhani nimeikariri kwa kuwa ni yangu. Nikabeba taipureta ile hadi nyumbani na sikumruhusu mtu kunipokea.

Uliporudi kutoka kwa Shangazi uliikuta mezani. Ulilisoma jarida umesimama, ukalikunja, ukaliweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Ukaniuliza utepe wake unabadilishwaje. Nikakuonyesha. Tangu siku hiyo ukaniita Mwandishi, na nyumba nzima ikakufuata, na hukuandika tena hadithi nyingine. Mimi nikajifunza kupiga chapa kwa mashine ile, nikapata cheti, nikapata kazi, kisha cheo. Hata hiyo leseni ya programu iliyokwisha ililipiwa na taipureta yako. Nimekuwa nikiliitikia jina hilo kwa miaka yote hii, na kila ukilitamka najiuliza kama unanitania au unanikumbusha. Sikuwahi kuuliza.

Jana mchana nilirudi ndani nikamwambia Baba kwamba nilijua. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa. Aligeuza uso dirishani. Nilidhani amekwenda zake, kama anavyokwenda. Kisha akaniambia kwamba yeye kwenye kitabu chake amesema alilolijua, na halifuti. La kwangu niliandike mwenyewe, nitie na jina. Akaomba chai nyingine, akalalamika kwamba sukari ni kidogo.

Basi nimechagua programu. Ni ile ya kwanza ya Waya, ya bure, nzito kidogo kuamka kama shemeji, lakini ikishaamka inafanya kazi. Haitaki mtandao, na ninaweza kumpa mchapaji faili lake bila herufi hata moja kuhama. Leo asubuhi nimekaa nayo. Sikutumia kitufe cha kurudisha yote kwa pamoja. Nilikataa makato yangu moja moja, sentensi baada ya sentensi, wekundu ukawa mweusi mbele ya macho yangu, mpaka sura ya saba ikarudi kwenye kurasa tano na mistari kadhaa juu, kama Baba alivyosema. Pale anaposema sikujua kitu nimeweka tanbihi chini ya ukurasa, ya neno moja: Nilijua. Na jina langu kamili.

Nimekuwekea sura hiyo ndani ya bahasha, isome kabla haijaenda kwa mchapaji. Ukitaka isichapwe, nipigie kabla ya Ijumaa nami nitamweleza Baba, nitamwambia ukweli kwamba ni wewe uliyekataa na kwamba una haki. Ukiiacha, itachapwa. Baada yake nimeacha kurasa nne tupu za hadithi yako. Jarida lile halipo popote, nimelitafuta, na kichwani kwangu imebaki ile aya ya kwanza tu, ambayo sina haki nayo. Zilizobaki unazo wewe. Kama mwanamke yule bado yuko juu ya ngazi yake, mteremshe. Mwanao anayo kompyuta. Programu niliyokuambia haina malipo, Waya ameniandikia namna ya kuiweka na karatasi yake nimeiambatanisha. Na ukitaka kuandika kwa mkono juu ya karatasi za kufungia mikate, nitakupigia chapa, na sitagusa hata nukta.

Kuna kitambaa kidogo ndani ya bahasha, kifungue taratibu juu ya meza. Ni mstari wa jina lako, wa mfuko wa kulia. Baba alikuwa nao kwenye kikasha cha miwani miaka yote hii, bado umefungwa kwa uzi uleule. Amesema upewe mwenye nao. Mimi nilitaka kuufungua niusafishe vumbi, akanizuia.

Nisalimie Shemeji na wanangu wote, uwabusu kwa niaba yangu hata yule anayejifuta akibusiwa. Wasalimie wasichana wa tanurini. Baba anakusalimu sana, ameniuliza mara mbili kama barua imekwisha. Taipureta iko juu ya kabati, imefunikwa shuka. Nitaileta kwa mikono yangu siku utakayoniambia nije, na usiponiambia nitaelewa. Angalia mgongo, angalia na huo mlango wa tanuri.

Ni mimi mdogo wako,

Mpiga chapa